Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Waingereza Walilipa Ili Walale Kambini?

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya zamani ya kambi ya likizo ya Skegness, mashariki mwa Uingereza. Ilionyesha safu za vijumba vinavyofanana, bustani za maua, na umati wa watu wamekaa kando ya bwawa la kuogelea huku baadhi yao wamevaa makoti. Picha hiyo imetuletea barua nyingi, na hapa tunajibu sita kati yake.

Watu wengi humtaja Billy Butlin kuwa ndiye aliyebuni kambi za likizo za pwani ya Uingereza. Mimi nafundisha historia, na nimewahi kusoma kwamba kambi hizo zilikuwepo kabla yake. Ukweli ni upi?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, ulichosoma ni sahihi. Butlin alizikuza kambi hizi hata jina lake likawa kama jina la kambi zenyewe, lakini alipofungua ya kwanza mwaka 1936, Waingereza walikuwa wameshalala kambini kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1894 Joseph Cunningham na mkewe Elizabeth walianzisha kambi ya vijana wa kiume katika Kisiwa cha Man, kilichopo baharini kati ya Uingereza na Ayalandi. Vijana walilala kwenye mahema, na pombe ilikuwa marufuku. Mwaka 1906 John Fletcher Dodd, mjamaa wa dhati, alifungua kambi yake huko Caister katika pwani ya Norfolk, kwa ajili ya wafanyakazi waliotaka hewa safi pamoja na mazungumzo ya siasa. Kwake pia pombe haikuruhusiwa, na kelele za usiku zilikuwa na saa yake ya kukoma.

Baada ya hapo vyama vya wafanyakazi viliingia katika shughuli hii, na chama cha makarani wa serikali kikafungua kambi Corton, Suffolk, mwaka 1924. Mwaka 1931 Kapteni Harry Warner alifungua kambi ya kibiashara katika kisiwa cha Hayling, kusini mwa nchi, na Butlin alishirikiana naye kibiashara kabla ya kujenga ya kwake. Waasisi wa mwanzo walikuwa na jambo la kumfundisha mgeni, ama kiasi, ama ujamaa, ama nidhamu. Butlin hakuwa na somo lolote la kumpa mtu, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya yeye kuwapita wote.

Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kuelezwa uzuri wa bahari. Lakini mtu anayeishi kwa king'ora cha kiwanda mwaka mzima, atoke huko aende alipe fedha zake alale kwenye kijumba kilicho sawa na cha jirani, ale bwaloni pamoja na mamia ya watu, na upepo wa baridi unavuma! Mvuto wake ulikuwa nini hasa?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu la swali lako halianzii kambini, bali katika nyumba za kulaza wageni ambazo kambi ziliwanyang'anya wateja.

Katika miji ya viwanda vya nguo ya Lancashire ilikuwapo desturi ya viwanda vyote vya mji mmoja kufungwa kwa wiki ileile ya kiangazi, na mji mzima ukapanda treni kwenda baharini, hasa Blackpool. Kwa wengi wiki hiyo haikuwa na malipo, hivyo familia ilidunduliza senti zake mwaka mzima katika vikundi vya kuweka akiba. Ikifika pwani, ilipanga chumba kwa mama mwenye nyumba. Mara nyingi wageni walijinunulia chakula wenyewe, mama mwenye nyumba akawapikia kwa malipo, na wapo waliotozwa hata kwa kuwekewa chumvi na pilipili mezani. Kanuni iliyochukiwa kuliko zote ni ile ya kuondoka baada ya kifungua kinywa na kutorudi mpaka saa ya mlo. Jua likiwaka, hilo si tatizo. Lakini pwani ya Uingereza mvua inaweza kunyesha Julai kama inavyonyesha Novemba, na hapo baba, mama na watoto walishinda wamejibanza kwenye vibanda vya kungojea basi, wakitazama bahari ya rangi ya kijivu na kuhesabu saa.

Butlin, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1899, aliyaona hayo kwa macho yake katika kisiwa cha Barry huko Wales, na baadaye alisimulia kwamba wazo la kambi lilimjia akizitazama familia zilizofungiwa nje. Hakuwa mtu wa hoteli. Alikuwa mtu wa maonyesho na michezo ya viwanjani, aliyerudi Uingereza mwaka 1921 akiwa na pauni tano mfukoni, akaanza na kibanda cha mchezo wa kurusha pete, na mwaka 1928 akaleta Skegness magari madogo ya kugongana, ambayo yalikuwa mapya nchini humo. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba mteja aliyelowa hatumii fedha.

Kambi ya Skegness ilipofunguliwa wakati wa Pasaka mwaka 1936, bei ilianzia shilingi 35 kwa wiki, yaani pauni moja na robo tatu, na ilipanda kufikia pauni tatu katika majira ya wageni wengi. Bei hiyo ilijumuisha malazi, milo mitatu kwa siku na burudani zote. Tangazo lake liliahidi wiki ya likizo kwa mshahara wa wiki moja. Kwa mtu asiyejua hesabu ya familia maskini, maneno hayo ni ya biashara tu. Lakini baba wa familia aliyezoea kwenda pwani huku akiogopa kila mkono unaonyooshwa kudai senti aliyasikia kwa namna nyingine: alijua kabla ya kuondoka nyumbani kwamba mtoto akitaka kupanda pembea mara kumi, hakuna atakayemdai kitu. Vijumba vilikuwa vidogo, na bafu na choo vilikuwa vya wote, lakini kila kijumba kilikuwa na taa ya umeme na maji ya bomba, vitu ambavyo baadhi ya wageni hawakuwa navyo majumbani kwao. Mvua ikinyesha, palikuwa na kumbi za dansi, michezo ya kuigiza na meza za biliadi, wala hapakuwa na mtu wa kumfukuza yeyote.

Jambo ambalo wengi wanalisahau ni mama wa familia. Katika nyumba ya kupanga, mama alihama na kazi zake zote, kwani ndiye aliyekwenda sokoni, aliyefua na aliyelea. Kambini hakupika wala kuosha sahani hata moja kwa wiki nzima. Mchana watoto walikuwa na michezo yao chini ya walezi. Usiku wahudumu walipita kwenye safu za vijumba wakisikiliza, na mtoto akilia, namba ya kijumba chake ilitangazwa ukumbini ili wazazi waondoke kwenye dansi waende kumtazama. Ukiniuliza mteja halisi wa kambi hizi alikuwa nani, nitakujibu kwamba alikuwa mwanamke huyo, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwa mumewe. Bahari yenyewe ilikuwa kisingizio kizuri. Tangazo maarufu la reli la mwaka 1908 linamwonyesha mvuvi mnene akirukaruka ufukweni na kuisifu hewa ya Skegness kwamba inachangamsha mwili, na yeyote aliyewahi kusimama pale anajua kwamba kinachosifiwa ni upepo.

Sheria nayo ilisaidia. Mwaka 1938, baada ya ripoti ya kamati iliyoongozwa na Lord Amulree, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya likizo yenye malipo. Haikumlazimisha kila mwajiri papo hapo, lakini ilifungua njia, na baada ya vita wiki ya mapumziko yenye mshahara ikawa jambo la kawaida kwa mamilioni ya wafanyakazi.

Nimesikia kwamba wageni waliamshwa asubuhi kwa vipaza sauti, wakagawanywa katika makundi kama wanafunzi, na wanaume wazima wakashindanishwa nani ana magoti mabaya zaidi. Je, watu hao hawakuona kwamba wanadhalilishwa? Na je, hakuna ufanano na kambi za madikteta wa wakati ule?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Uliyoyasikia ni kweli. Redio ya kambi iliwatakia wageni asubuhi njema na kuwaita mezani. Wageni waligawanywa katika nyumba zenye majina ya kifalme, kama vile Kent, Gloucester, York na Windsor, na kila nyumba ilijikusanyia pointi kwa michezo ya wiki nzima. Magoti yalishindanishwa, na yalikuwapo pia mashindano ya mtoto mchanga mwenye afya na ya bibi mwenye wajukuu anayependeza kuliko wenzake.

Waliochukia mambo haya kwa sauti kubwa walikuwa zaidi watu wa tabaka la kati, ambao hawakuwa wateja wa Butlin. Ni kweli kwamba kambi hazikumfaa mtu anayependa upweke, na wapo wafanyakazi waliokwenda mara moja wasirudi tena. Lakini tuangalie jinsi michezo hiyo ilivyoanza. Katika siku za kwanza za Skegness, Butlin aliona wageni wamekaa kimyakimya, kila familia peke yake, ilhali michezo yote ipo na ni ya bure. Walikuwa wameshavuka mlango, lakini hawakujua namna ya kustarehe mbele ya watu wasiowafahamu. Alimwomba fundi wake, Norman Bradford, apande jukwaani awachangamshe, na Bradford akaanza kutania watu na kuwasalimianisha na majirani zao. Ukumbi uliamka. Butlin akamwambia ajinunulie koti litakalomtambulisha, na hapo ndipo walipozaliwa Redcoats, wahudumu wa makoti mekundu, ambao kazi yao ilikuwa kucheza na wageni, kucheka nao, kuwafundisha dansi na kumtafutia mwenzi wa mezani yule aliyekuja peke yake. Washindani wake waliiga: wahudumu wa kambi za Pontin walivaa bluu na wa Warner walivaa kijani.

Kwa mwanamume aliyeinama mbele ya msimamizi wa kiwanda wiki hamsini kwa mwaka, kukunja suruali na kuonyesha magoti mbele ya watu wanaofanana naye hakukuwa fedheha. Alijichekesha mwenyewe kwa hiari yake, na aliyeshika kipaza sauti alikuwa mtumishi wake, si mkubwa wake. Pwani yetu ina utani wa watani, ambao mgeni akiusikia kwa mara ya kwanza hudhani ni ugomvi, na naona hapa pana kitu cha jinsi hiyo. Sitetei kila kitu, kwani kuamshwa kwa kipaza sauti siku ya likizo ningeona ni adhabu.

Kuhusu madikteta, ufanano upo kwa macho tu. Mwaka huohuo wa 1936 shirika la starehe la chama cha Nazi lilianza kujenga Prora, katika kisiwa cha Rügen huko Ujerumani: jengo refu la zaidi ya kilomita nne kando ya bahari, lililokusudiwa kulaza watu 20,000 kwa wakati mmoja. Vita vilianza kabla halijapokea mgeni hata mmoja wa likizo. Tofauti kubwa haiko kwenye safu za vyumba. Prora ilikuwa chombo cha chama kilichotaka kumtengeneza raia wa aina fulani, na Skegness ilikuwa biashara iliyotaka mteja arudi mwakani. Mteja asiyependezwa alibaki nyumbani, na Butlin alilijua hilo kila asubuhi.

Vita hivyo viliigeuza hata Skegness kuwa kambi ya kweli. Mwaka 1939 jeshi la majini liliichukua na kuipa jina la meli, HMS Royal Arthur, kama ilivyo desturi ya jeshi hilo kwa vituo vyake vya nchi kavu. Redio ya propaganda ya Ujerumani ikatangaza kwamba meli hiyo imezamishwa. Butlin alijengea majeshi kambi nyingine huko Filey, Ayr na Pwllheli, na baada ya vita zote tatu zikawa za likizo. Kwa hiyo yeyote anayeona kambi ya jeshi katika picha yetu hakukosea sana.

Baba yangu hushikilia kwamba mmoja wa Beatles alitoka katika kambi hizi. Tumebishana vya kutosha. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Toronto*

Baba yako. Ringo Starr alipiga ngoma na bendi ya Rory Storm and the Hurricanes katika kambi ya Pwllheli mwaka 1960, na Agosti 1962 alikuwa akipiga nao Skegness alipoitwa kujiunga na Beatles. Kwa kuwa unaandika kutoka Toronto, mwongezee baba hili: Butlin alikulia huko katika ujana wake, akafanya kazi katika duka kubwa la Eaton's, na kambi ya kiangazi ya wafanyakazi wa duka hilo, iliyokuwa kando ya ziwa, ndiyo iliyomwonyesha kwa mara ya kwanza likizo ya namna hii.

Mimi nafanya kazi katika hoteli ya ufukweni, na wageni wetu wengi ni Waingereza. Babu zao walijazana kambini, wao wanapanda ndege kuja kwetu. Kambi ziliangushwa na nini?
*Msomaji, Zanzibar*

Zilianza kuangushwa na kitu kilekile kinachowaleta wageni wako, yaani ndege na jua la uhakika. Mwaka 1950 Vladimir Raitz aliwapeleka Waingereza Calvi, katika kisiwa cha Corsica, kwa bei moja iliyojumuisha ndege, malazi ya mahema, chakula na divai: pauni 32 na shilingi 10. Hesabu hiyo ya bei moja kwa kila kitu ndiyo iliyokuwa silaha ya kambi, sasa ikahamia kwenye nchi zenye jua. Hispania ilipokuwa rahisi kufikika katika miaka ya 1960 na 1970, ukumbi wa dansi uliojengwa kwa ajili ya mvua ulipoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Mwaka huohuo wa 1950 Butlin naye alijaribu kulifuata jua. Alifungua kijiji cha likizo katika visiwa vya Bahama, kikiwa hakijakamilika, na mradi ukafilisika upesi. Watu wa fedha watakueleza habari za mikopo na gharama za ujenzi, na wana haki. Mimi naongeza kwamba kambi yake ilikuwa dawa ya hali ya hewa mbaya, na Bahama hapakuwa na mgonjwa.

Nyumbani, hata hivyo, kilele kilikuwa bado. Kambi mpya zilifunguliwa Bognor Regis mwaka 1960, Minehead mwaka 1962 na kisiwani Barry mwaka 1966, palepale alipowaona wageni waliofungiwa nje, naye akapewa hadhi ya Sir mwaka 1964. Lakini wateja walikuwa wanabadilika. Familia iliyonunua gari ilitaka kwenda itakapo na kupika ipendavyo. Waliozoea bafu la ndani hawakutaka tena kuvuka ua na taulo mabegani. Filey ilikuwa na stesheni yake ya reli iliyofunguliwa mwaka 1947 kwa ajili ya wageni wa kambi, na mwaka 1977 ikafungwa kwa kukosa abiria. Kampuni ya Butlin iliuzwa kwa Rank, kampuni kubwa ya burudani, mwaka 1972 kwa pauni milioni 43. Butlin alifariki mwaka 1980, na mwaka 1983 kambi za Filey na Clacton zikafungwa.

Fred Pontin, aliyeanza Brean Sands mwaka 1946 kwa kambi ndogo ndogo, alidumu kwa njia yake, lakini kampuni yenye jina lake ilifunga Prestatyn na Camber Sands mwishoni mwa mwaka 2023, kisha Southport mwanzoni mwa 2024. Kambi ambayo Butlin aliifungua Mosney, Ayalandi, mwaka 1948 imekuwa, tangu mwaka 2000, makazi ya watu wanaoomba hifadhi ya ukimbizi, wakiwemo wengi kutoka Afrika. Hao nao hula na kulala katika vijumba vya safu kwa utaratibu waliopangiwa, ila hakuna aliyeuchagua.

Tunaishi Leicester na tuna watoto watatu. Je, kambi hizi bado zipo, na inafaa kwenda?
*Mama wa familia, Leicester*

Zipo, Bi. Mkubwa. Butlin's ina tatu: Skegness, Minehead na Bognor Regis. Zilijengwa upya kwa kiasi kikubwa mwishoni mwa miaka ya 1990, zikawekewa paa kubwa jeupe lenye umbo la hema ili shughuli zote ziwe mahali pakavu, jambo linaloonyesha kwamba somo la mvua halikusahauliwa. Vyumba vina bafu ndani, na makoti mekundu bado yapo.

Kutoka Leicester, Skegness ndiyo iliyo karibu: mnabadilisha treni Nottingham, na reli inafika mjini. Minehead haina treni ya kawaida ya reli kuu, kwa hiyo msio na gari mtashuka Taunton na kupanda basi. Bei wakati shule zimefungwa hupanda sana, hivyo kama mmoja wa watoto hajaanza shule, nendeni katikati ya wiki nje ya likizo za shule. Soma tarehe kwa makini, kwani baadhi ya wikendi ni za watu wazima peke yao, zina muziki na pombe mpaka usiku, na watoto hawapokelewi. Unaweza kulipia chakula au kujipikia. Kama mnakula halali, uliza kabla ya kulipa, na ukiona majibu hayaridhishi, chagua chumba chenye jiko. Zipo pia tiketi za siku moja kwa wasiotaka kulala. Mkifika Skegness, ulizeni kilipo kijumba kimoja cha mwaka 1936 kilichohifadhiwa kisheria kama jengo la kihistoria. Ni kidogo mno, na watoto wenu watauliza choo kiko wapi.